Kiendeshi Kipya Kisizifute Hesabu za Zamani

Kila mwaka wa fedha unapokaribia kwisha, ofisi za umma, Bara na Visiwani, hufungua stoo zao na kuandika orodha ya mali chakavu. Viti vya miguu mitatu, feni zisizozunguka, mashine za kuchapia zilizokatika herufi, na siku hizi kompyuta za kale, vyote hutolewa uani vikingoja bodi na mnada. Hatuna ugomvi na utaratibu huo. Mali isiyofaa haina sababu ya kula nafasi ya mali inayofaa. Lakini tunalo neno juu ya kompyuta hizo, na hasa juu ya kisanduku kimoja kilichomo ndani yake, ambacho fundi hukifungua kwa skrubu nne na kukitupa, au hukibadili kwa kingine akidhani amefanya maendeleo.

Kisanduku hicho ni kiendeshi cha flopi. Vijana waliozaliwa baada ya mwaka 2000 huenda hawajapata kukiona kikifanya kazi, kwa hiyo ni haki tuwaeleze. Flopi ni sahani nyembamba ya plastiki iliyopakwa unga wa sumaku na kutiwa ndani ya bahasha. Kiendeshi ni chombo kinachoizungusha sahani hiyo na kuisoma kwa kichwa kidogo kinachoigusa. Kampuni ya IBM ilianza kuuza flopi ya inchi 8 mwaka 1971. Mwaka 1976 ikaja ya inchi 5.25 kutoka kampuni ya Shugart, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Sony ya Japani ikaleta ile ndogo ya inchi 3.5, yenye gamba gumu, ambayo wengi wetu tuliikuta skuli na maofisini. Kompyuta ya IBM PC ilipotolewa Agosti 1981, kiendeshi chake kiliandika upande mmoja tu wa flopi na kuhifadhi kilobaiti 160. Kufikia mwaka 1983 kiwango kilikuwa kilobaiti 360. Mwaka 1984 kikafika megabaiti 1.2, na mwaka 1987 flopi ndogo zikapata megabaiti 1.44. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya leo aghalabu haienei ndani ya flopi yoyote kati ya hizo. Hata hivyo, daftari zima la mvua, la doria au la idadi ya wanyama lilienea, na nafasi ikabaki.

Nchini mwetu kompyuta zilikuja kwa njia yake zenyewe. Ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya mpango wa kuziingiza hesabu za Serikali katika kompyuta kuleta hasara na vurugu, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo. Wapo wanaoucheka uamuzi ule leo. Sisi hatuucheki: nchi iliyokuwa ikihesabu kila senti ya fedha za kigeni ilikuwa na haki ya kuuliza mashine hii inamfaa nani na nani ataitengeneza ikiharibika. Lakini uamuzi ule ulikuwa na matokeo yake. Kompyuta ndogo zilipoanza kupenya katika miaka ya 1980, nyingi zilipita kwa vibali maalumu ndani ya miradi ya wafadhili, kila mradi na chapa yake, na kila chapa na aina yake ya kiendeshi. Mradi ulipokwisha, mtaalamu alifunga virago akaenda zake. Mashine ikabaki, na kando yake boksi la flopi ambalo hakuna aliyekabidhiwa rasmi.

Mambo haya tuliyaona wazi tulipokuwa Rungwa, katika Mkoa wa Singida. Msomaji wa Visiwani asiyepata kufika huko aelewe kwamba Rungwa ni makazi madogo katikati ya misitu ya miombo, juu ya barabara itokayo Itigi, kwenye reli ya kati, kwenda Makongolosi na Chunya. Ni nchi ya Wakimbu, nchi ya asali, na nchi ya mbung'o wanaouma hata juu ya shati. Jina lake linabebwa na Pori la Akiba la Rungwa, lililotangazwa mwaka 1951. Sehemu yake ya kusini ilikatwa mwaka 1964 ikawa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ruaha, Rungwa, Kizigo na Muhesi kwa pamoja ni moja ya makao makubwa ya tembo katika Afrika ya Mashariki.

Tembo hao huhesabiwa kutoka angani. Ndege ndogo hupita kwa mistari iliyonyooka. Mtazamaji huhesabu wanyama wanaoonekana baina ya fito mbili zilizofungwa chini ya bawa. Kisha hesabu ya ukanda huo hutumiwa kukadiria eneo zima. Sensa ya mwaka 2009 ilikadiria tembo 31,625 katika eneo la Ruaha na Rungwa. Ya mwaka 2013 ikatoa 20,090. Ya mwaka 2014 ikatoa 8,272, na nchi ikashituka. Kazi ikarudiwa mwaka 2015, ikatoa 15,836. Mtu asiye mtaalamu ataona vioja, kwamba tembo wanaweza kuongezeka karibu mara mbili kwa mwaka mmoja. Mtaalamu hatasema hivyo, wala hatabishana kwa jumla iliyochapwa mwishoni mwa ripoti. Atataka mafaili yenyewe: mstari gani, siku gani, mtazamaji yupi, kundi la tembo wangapi, upande gani wa mto. Akinyimwa hayo, hana alilobakiwa nalo ila kuamini au kukataa.

Nazo hesabu za pori hili hazikuanza mwaka 2009. Watafiti walikwisha kuruka juu yake katika miaka ya 1970, na mwaka 1982 Barnes na Douglas-Hamilton walichapisha makala juu ya idadi na mtawanyiko wa wanyama wakubwa wa Ruaha na Rungwa. Kazi zilizofuata, za mwishoni mwa miaka ya 1980 na za miaka ya 1990, ziliangukia zama ambazo mtu mwenye kompyuta ndogo alihifadhi kazi yake juu ya flopi. Miaka hiyo ndiyo tunayoihitaji zaidi. Ndiyo miaka ya ujangili mkubwa uliotangulia marufuku ya kimataifa ya biashara ya pembe ya mwaka 1989, na ndiyo miaka ambayo pori lilianza kupona.

Huenda ndugu zetu wa Unguja na Pemba wakauliza yanawahusu nini. Yanawahusu sana. Pembe za bara zimepita katika bandari zetu tangu enzi za misafara ya Unyanyembe, na hazikukoma na misafara. Novemba 2013, katika bandari ya Malindi mjini Unguja, vyombo vya dola vilikamata kontena lenye zaidi ya tani mbili za pembe zilizofichwa chini ya makombe ya pwani. Mwaka 2015 Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington, pamoja na wenzake, walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya pembe zilizokamatwa katika nchi mbalimbali, wakaonyesha kwamba tangu mwaka 2011 ujangili ulikuwa ukisogea kutoka Niassa na Selous kuelekea Ruaha na Rungwa. Atakayetaka kujua pembe zilizopita hapa kwetu zilipunguza nini huko zilikotoka atahitaji kujua kwanza kulikuwa na nini.

Turudi Rungwa. Katika ofisi moja ambayo hakuna haja ya kuitaja tulionyeshwa kompyuta ya miaka ya 1980, ya aina ile ya XT, imefunikwa kanga kuukuu, na boksi la flopi za inchi 5.25 zilizoandikwa juu kwa kalamu ya wino. Kiendeshi chake kilikuwa kimekufa. Fundi kijana kutoka mjini alikuwa amekuja na kingine, cha megabaiti 1.2, akisema kwa furaha kwamba kina uwezo zaidi ya mara tatu ya kile cha kwanza. Mzee mmoja, karani mstaafu aliyewahi kuitumia mashine ile, alikuwa ameketi kizingitini. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akamwambia kijana: "Mwanangu, hicho nakijua. Kiliwahi kutuingiza hasara."

Alitueleza kwamba katika miaka ya 1990 ofisi ile ilipata kompyuta ya pili, mpya zaidi, yenye kiendeshi cha megabaiti 1.2. Ilizisoma flopi za zamani bila taabu, wakashangilia. Akachukua flopi ya mvua na doria ya mwaka mzima, akaongeza ukurasa mmoja kwa mashine mpya, akairudisha katika mashine ya zamani. Mashine ya zamani ikakataa. Ikasema kuna kosa la data. Wakajaribu tena na tena; mwishowe mmoja wao, kwa kuona flopi imeharibika, akaiamuru mashine iiandae upya kama flopi tupu. Mwaka ule ukapotea. "Na wala haikuwa imeharibika," alisema mzee. Alikuja kulijua hilo baadaye sana, kutoka kwa mtaalamu mmoja aliyepita.

Mzee alikuwa na haki, na sababu yake inafaa ieleweke na kila mtunza stoo. Kiendeshi cha kilobaiti 360 huandika duara 40 katika kila upande wa flopi. Cha megabaiti 1.2 huandika duara 80 katika nafasi ile ile, kwa hiyo kichwa chake ni chembamba, upana wake kama nusu ya kile cha zamani. Kusoma duara pana kwa kichwa chembamba hakuna taabu. Taabu huja katika kuandika. Sisi tuliosoma chuoni tunaukumbuka ubao: mwanafunzi akishahifadhi sura yake huuosha wino, ndipo aandikiwe nyingine. Sasa tuseme mtoto mvivu ameosha katikati tu ya mstari, akaandikiwa maneno mapya humo, na juu na chini ya maneno hayo zikabaki ncha za herufi za jana. Mwenye jicho la karibu atayasoma maneno mapya. Mwenye kuutazama mstari mzima kwa mara moja ataona mchafuko. Ndivyo ilivyokuwa flopi ile. Kichwa chembamba kiliandika katikati ya duara, maandishi ya zamani yakabaki pembeni, na kichwa kipana kilipopita juu yake kilisoma yote mawili pamoja. Laiti wangeirudisha katika mashine mpya, ingesomeka.

Hiyo ni hatari ya kwanza. Ya pili ndiyo iliyokuwa mikononi mwa yule kijana siku ile, nayo imejificha zaidi. Kiendeshi cha kilobaiti 360 huzungusha flopi mara 300 kwa dakika. Cha megabaiti 1.2 huizungusha mara 360. Flopi ya zamani ikizungushwa kwa kasi hiyo, herufi zake hupita chini ya kichwa kwa haraka zaidi: badala ya biti 250,000 kwa sekunde huwa 300,000. Kadi inayokiongoza kiendeshi katika kompyuta ya XT ilitengenezwa kupokea zile 250,000 tu. Kwa hiyo fundi akitoa kiendeshi cha zamani, akatia kipya katika mkanda ule ule wa nyaya na kadi ile ile, flopi haitasomeka hata moja. Atatia ya pili, ya tatu, ya kumi. Kisha atasema, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba flopi zote zimekufa, na boksi litakwenda jalalani pamoja na kila kilichomo ndani yake. Tunaamini kumbukumbu nyingi za nchi hii zimehukumiwa kifo kwa namna hiyo bila kuwa na ugonjwa wowote.

Je, ina maana kwamba kompyuta ya zamani haiwezi kuongezewa uwezo? Inaweza. Anayetaka kiendeshi cha megabaiti 1.2 au 1.44 katika XT hana budi kubadili na kadi yake, apate ile inayojua kasi zote na yenye programu yake yenyewe ya kuanzia, kwa sababu kompyuta yenyewe ilizaliwa kabla ya viendeshi hivyo na haivijui. Asiyekuwa na kadi hiyo anaweza kutia kiendeshi kidogo cha kilobaiti 720, cha inchi 3.5, kwani kasi yake ni ile ile ya zamani. Atahitaji tu mfumo wa DOS wa toleo la 3.2, la mwaka 1986, au la baadaye. Atahitaji pia kichwa cha waya cha kubadilishia, maana pini za viendeshi vidogo si sawa na za vile vikubwa. Aangalie na mkanda wa nyaya: katika kompyuta za jamii ya IBM baadhi ya nyaya zimesokotwa karibu na ncha, na kiendeshi kilicho baada ya msokoto ndicho A. Wengi wamehangaika siku nzima kwa kuugeuza mkanda huo. Lakini kuongeza kiendeshi ni kukiweka kando ya kile cha zamani, si mahali pake. Nafasi zipo mbili, na mkanda una vichwa viwili.

Kwa anayetaka kuokoa yaliyomo tu, na hiyo ndiyo haja ya ofisi nyingi, siku hizi ipo njia isiyohitaji hata kuiwasha kompyuta ya zamani. Kipo kifaa kidogo kiitwacho Greaseweazle, ubao wa umeme unaotosha kiganjani, ambacho huunganishwa na kiendeshi cha flopi kwa upande mmoja na kompyuta ya kisasa kwa upande wa pili. Hakiulizi flopi iliandikwa na mashine gani. Hupima mabadiliko ya sumaku yenyewe, duara kwa duara, na kuyahifadhi yote. Kazi ya kuyafasiri hufanywa baadaye, kwa utulivu, na ikishindikana leo itajaribiwa tena mwakani bila kuigusa flopi. Humo kiendeshi cha megabaiti 1.2 hutumika vizuri, maana mwendo wake unajulikana na unahesabiwa. Kile alichobeba kijana wa Rungwa hakikuwa kibaya. Kilikuwa kimeelekezwa mahali pasipo pake.

Sharti ni moja, nalo halina gharama: flopi ya zamani isitiwe katika kiendeshi chochote kabla haijazuiwa kuandikwa. Ya inchi 5.25 ina pengo pembeni. Pengo likizibwa kwa kipande cha karatasi ya gundi isiyopitisha mwanga, kiendeshi hakitaandika. Ya inchi 3.5 ni kinyume chake: kidirisha kikiwa wazi ndipo imezuiwa. Hapo wengi huchanganyikiwa, na kuchanganyikiwa hapo kunagharimu. Yule mzee aliketi alasiri ile akaziziba flopi zote za boksi, moja moja, akikata karatasi kwa wembe, na kijana akimshikia.

Asidhani mtu kuwa haya ni mashaka ya nchi maskini peke yake. Jeshi la Marekani liliendelea kutumia flopi za inchi 8 katika mawasiliano ya silaha zake za nyuklia hadi mwaka 2019. Mji wa San Francisco uliweka mwaka 1998 mfumo wa kuongoza treni zake unaopakiwa kwa flopi za inchi 5.25, na hadi mwaka 2024 ulikuwa bado ukitafuta kuuondoa. Japani, nchi ya Sony yenyewe, ilifuta mwaka 2024 masharti zaidi ya 1,000 yaliyowataka watu na makampuni kupeleka taarifa serikalini kwa flopi na vyombo vya namna hiyo, na hali Sony iliacha kuziuza tangu mwaka 2011. Wenzetu hao walichelewa, lakini walijua walichonacho. Sisi mara nyingi hatujui.

Katika jumba la nyaraka la Kilimani, Unguja, zimo barua za Kiarabu za karne ya 19, na hazina ya maandishi na vitabu vya Kiarabu iliyotiwa mwaka 2003 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Mwenye macho na elimu ya lugha huzisoma leo kama zilivyosomwa siku zilipofika. Flopi haina fadhila hiyo. Huiwezi kwa macho, na aliyeiandika akishastaafu hakuna ajuaye kilichomo ila kwa maneno machache yaliyoandikwa juu ya karatasi yake. Kwa upande wa Bara, Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya mwaka 2002 inaihesabu taarifa ya ofisi ya umma kuwa kumbukumbu bila kujali imewekwa juu ya kitu gani. Kwa hiyo ofisa anayeliandika boksi la flopi katika orodha ya mali chakavu, akalihesabu pamoja na feni na viti, hajatoa uchafu stoo. Ameharibu jalada bila idhini, na pengine hajui.

Tunaziomba wizara na halmashauri, kabla orodha za mwaka huu hazijatiwa saini, ziongeze ndani yake mistari michache: flopi ngapi zimo, za inchi ngapi, zina maandishi gani juu yake, na kiendeshi kipi kiliziandika. Kiendeshi hicho kifunguliwe kutoka katika kompyuta kabla ya mnada, kifungwe katika mfuko, kiwekwe na boksi lake. Visiwani tuongeze tahadhari ya chumvi na unyevu. Flopi yenye madoa ya kuvu haifai kutiwa katika kiendeshi hivi hivi, kwa kuwa kuvu huhamia kwenye kichwa na kukwaruza kila flopi itakayofuata. Isafishwe kwanza na mtu anayejua, na kichwa kifutwe kwa pamba na spiriti baada ya kila flopi ya mashaka. Na pale ambapo karani aliyeziandika yu hai, aitwe akae na fundi siku hiyo hiyo, kwa maana herufi tatu alizoandika juu ya karatasi ya flopi mwaka 1989 ni yeye tu anayejua zilisimama badala ya neno gani.